Tulipokwenda Kula Ziwani

Safari ile tuliifunga ili tukale. Nikimwambia mtu hivyo leo anacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi na dada yangu tulitoka Mbinga tukashuka hadi Ziwa Nyasa kwa ajili ya kuzunguka masokoni, kuketi kwenye vibanda vya chakula, kuagiza, kuonja na kuangalia wenzetu wanafanyaje. Dada alitaka kufungua hoteli. Kwetu hoteli si lazima iwe nyumba ya kulala wageni. Ni chumba chenye meza na mabenchi, ndoo ya kunawia mlangoni, na mwanamke huko nyuma anayepuliza moto.

Dada ndiye aliyenilea. Tulizaliwa Lundo, karibu kabisa na maji, yeye wa kwanza na mimi kitinda mimba, na wale wa katikati yetu hawakuishi. Aliolewa huko milimani na Mmatengo mmoja mpole, akanichukua nikasome, na mume wake alipofariki hatukurudi tena kuishi ziwani kwa mama. Hakujaliwa mtoto. Akapata kazi ya upishi katika shule ya bweni, na usichana wangu wote nilimjua kwa harufu ya moshi na maharage iliyokuwa kwenye kanga zake.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ikifika duka la ushirika, habari ilipita mashambani haraka kuliko habari ya msiba, na watu waliacha majembe wakakimbia. Jikoni kwa dada mafuta yalikwisha yakakaa muda mrefu hayajaonekana. Aliwapikia wanafunzi maharage ya chumvi tupu, na wakati mwingine hata chumvi yenyewe ilikuwa ya kukopeshana na masista wa misheni. Wanafunzi walinung'unika, naye alinung'unika pamoja nao. Jioni akirudi nyumbani alikuwa akivua viatu na kusema maneno yaleyale.

“Nimewapikia watu maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa anataka nini. Kabla sijazeeka nataka nimpikie mtu aliyeniambia, mama, mimi leo naomba samaki.”

Halafu biashara ikafunguliwa. Siwezi kueleza siasa zake, ila naweza kusema kilichoonekana machoni. Kahawa iliyokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kufuatwa na malori ya watu binafsi. Soko la Mbinga likajaa mabelo ya mitumba, sabuni za rangi ambazo hatukuzijua, mafuta ya kupikia kwenye madebe yanayong'aa, betri, miwani ya jua. Akina mama wa kijiji cha Kitura waliokuwa wakileta maharage kwenye vikapu sasa walikuta wanunuzi wanawasubiri njiani. Na pamoja na malori walikuja madereva, makuli na mawakala, wanaume wa kutoka Songea, Makambako na mbali zaidi, wote wana njaa saa sita mchana, wamesimama kando ya barabara wakila ndizi mbivu kwa kukosa pa kuketi.

Dada aliwaona wale wanaume kila alipokwenda sokoni. Siku moja akaniambia ameacha kazi ya shule. Mimi nilikuwa nashona nguo za watoto barazani, nikaacha cherehani nikamtazama.

“Tutapika,” akasema. “Lakini siwezi kumpikia mtu kitu nisichokijua. Miaka yote nimepika chakula cha aina moja. Twende kwanza tukale vya wenzetu.”

Tulianzia palepale mjini. Karibu na kituo cha mabasi kulikuwa na hoteli ya mzee mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani zamani akifuata biashara. Alipika pilau siku ya soko, na sambusa zake zilikuwa zinakwisha kabla ya adhuhuri. Tukaketi kwenye benchi, tukamwamkia, naye akaitikia akitufutia meza kwa kitambaa.

“Leo mmeamua kunitembelea,” akasema. “Mnakula nini?”

Dada akaniminya mkono chini ya meza. Lile swali lilimfurahisha kuliko chakula. Aliagiza pilau, sambusa na chai ya tangawizi. Vilipoletwa, alimega sambusa, akainusa, akatazama jinsi unga ulivyokunjwa pembeni, akatia kipande mdomoni na kukitafuna kwa muda mrefu sana. Kisha akasukuma sahani upande wangu.

“Kula wewe, mimi naangalia.”

Nikala vya wawili. Yeye alikunywa chai polepole, akawa anawatazama wateja wanavyoingia, wanavyochagua mahali pa kuketi, nani anapewa maji kwanza. Nilimwona yuko kazini, nikafurahi kwa ajili yake.

Baada ya siku chache tukapata lori la mahindi linalokwenda Mbamba Bay. Dereva alimheshimu dada kwa mvi zake, akatuweka mbele. Barabara ilipanda na kushuka kwenye vilima vya kahawa, halafu kahawa ikaisha, tukaingia msituni, na baridi yetu ya Mbinga ikabaki nyuma. Kila joto lilipoongezeka dada alifungua kifungo kimoja cha sweta, mpaka akalivua kabisa. Ndipo nilipoona mifupa ya mabega yake. Nikadhani ni kazi. Njiani lori liliposimama, wanawake walituletea mahindi ya kuchoma na mihogo ya kuchemsha dirishani. Dada alinunua vyote, akanipa mimi na dereva, naye akaomba maji ya uvuguvugu.

“Mama yeye hali chakula?” dereva akaniuliza.

“Anajiwekea nafasi ya samaki,” dada akajibu mwenyewe, na sote tukacheka.

Mbamba Bay tulifika jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimesahau harufu ya nyumbani. Dagaa walikuwa wametandazwa juu ya mchanga, wanawake wanawageuza kwa mikono. Sokoni kulikuwa na samaki wa kila namna, mbasa wabichi wenye macho maangavu, na vituwi waliokaushwa kwa moshi na kufungwa kwenye majani. Pembeni yao, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu, kulikuwa na meza za vitu vya ng'ambo ya ziwa: sukari, vitenge, sahani za bati zenye maua. Nikiwa mtoto vitu vile vilivuka maji kwa kificho na kuuzwa kwa kunong'ona. Sasa mwenye navyo alikuwa anaita wateja kwa sauti. Dada alisimama mbele ya zile sahani muda mrefu, akawa anazigonga kwa ukucha kusikiliza mlio wake.

Tuliingia kwenye kibanda kimoja cha matete karibu na soko. Mpishi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza.

“Karibuni. Ugali wa muhogo au wa sembe?”

Dada akanigeukia. “Umesikia? Anauliza.” Kisha akamwambia, “Wa muhogo, mama. Na mbasa wa kuchemsha.”

Samaki alikuja na mchuzi wa nyanya, kipande cha karibu na kichwa, kile anachopenda kila mtu wa ziwani. Ugali ulikuwa mweusi kidogo, unavutika, kama tulivyolishwa utotoni. Dada alinawa, akamega tonge dogo mno, akalichovya, akala. Nikaona mkono wake wa kushoto umekwenda kifuani na kubaki pale. Machozi yakamlenga. Akameza tena, akanywa maji, maji yakarudi. Akainuka akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

“Mwenzio ana nini?” mpishi akauliza. “Samaki wangu ana kasoro?”

Nikamfuata. Nilimkuta ameinama kwenye migomba, ameshika shina kwa mkono mmoja. Kile alichokula kilikuwa chini mchangani, na hakikuwa kama matapishi. Kilikuwa kama kilivyotoka sahanini. Hakikuwa kimefika popote.

“Kinakwama,” akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu kahawa zilipoanza kuiva. Kwanza ilikuwa nyama. Halafu ugali. Nilidhani samaki atapita.”

“Mbona hukuniambia, dada?”

Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. “Ningekuambia ungenipeleka hospitali. Mimi nilitaka kwanza tuje huku.”

Akasukutua, akarudi ndani, akaketi palepale. Akamwambia mpishi kwamba samaki wake ni mzuri sana, kasoro iko kwenye koo la mlaji. Akamuuliza ametia nini kwenye mchuzi. Yule mama akasema ni ukwaju kidogo, unatiwa mwishoni moto ukishapungua. Wakaongea mambo ya ukwaju, kuni na jinsi ya kumhifadhi samaki siku za joto, mpaka wateja wengine wakaanza kulalamika. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya sahani iliyojaa.

“Kula, kisipoe,” dada akaniambia.

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Kesho yake nilitaka turudi Mbinga mara moja. Dada akasema twende kwanza kwa mama. Tulipata boti ya injini iliyokuwa inapeleka bidhaa kwenye vijiji vya kandokando, ikatushusha Lundo. Mama alikuwa anaanua mihogo kwenye mwamba. Tukampigia magoti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu.” Aliitikia akimtazama dada shingoni. Alikamata kuku.

Jioni ile aliweka mbele yetu bakuli la mchuzi, ugali, na paja la kuku upande wa dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Dada alikunywa mchuzi kidogo kidogo. Paja alilishika tu mkononi. Mama akangoja, akaona haliliwi.

“Huko milimani mmefundishwa kukataa kuku wangu?”

Dada akacheka. Kisha akaliweka lile paja chini taratibu. “Mama, chakula hakipiti.”

Mama aliinuka. Alichukua bakuli akatoka nalo. Nilimwona kwa mbali amesimama majini hadi magotini, bakuli mkononi, ameangalia mbele. Aliporudi alikuwa ameleta unga wa muhogo, akauchekecha mara nyingi kwa kitambaa, akakoroga uji mwepesi kama maji ya mchele. Dada akaunywa, ukapita. Tangu siku ile kazi ya mama ikawa hiyo moja, kutafuta kitakachopita.

Hospitali ya misheni haikuwa mbali sana kwa boti. Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Alimpima dada kwa muda mrefu, akamuuliza maswali mengi, kisha akatuketisha wote wawili. Hakutuficha. Alisema kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, na kwamba uvimbe wa aina ile ameuona kwa watu wengi wa huku. Alisema hospitali kubwa ya Dar es Salaam inaweza kumwekea mpira wa kupitishia chakula, lakini uvimbe wenyewe umekwenda mbali.

“Nitaweza kula tena?” dada akauliza.

“Vitu vya majimaji, mama. Kwa muda.”

“Na baada ya huo muda?”

Daktari alimtazama, akainamisha kichwa. Dada akamshukuru. Tulipotoka nje tukakaa chini ya paa la kungojea zamu, pamoja na wajawazito na watoto wenye homa. Nilianza kumweleza jinsi tutakavyokwenda Dar es Salaam, nani atatupokea, basi gani litatufikisha. Aliniacha nimalize yote.

“Nikifika huko watanilisha kwa mpira,” akasema. “Wewe utakuwa umeketi kwenye benchi la watu usiowajua, hujui hata pa kununua chai. Hapana, mdogo wangu. Nirudishe kwa mama.”

Nilibishana naye njia nzima. Wanaume kwenye boti walijifanya hawasikii. Mwishowe akanishika mkono, akasema tuna kazi tuliyoijia na hatujaimaliza. Anataka kwenda gulio la Mbaha.

Gulio la Mbaha alilijua tangu utoto. Baba alikuwa akimpeleka kuuza dagaa, naye aliporudi alinisimulia, mimi nikiwa mgongoni kwa mama, habari za watu waliotoka milimani na viazi na asali. Mama alikataa katakata asisafiri tena. Halafu asubuhi ya gulio tukamkuta ameshajaza chupa ya uji, ameifunga kwenye kitenge isipoe, amekaa mlangoni anatusubiri. Alitaka kuja pia, lakini dada akamwomba abaki.

Gulio lilikuwa limekua. Watu walitandaza bidhaa toka mchangani hadi barabarani. Walikuwepo Wamatengo na maharage yao, mafundi wa majembe, wauza mitumba waliosimama juu ya marundo wakirusha mashati hewani, na muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti. Upande wa chakula moshi ulikuwa mwingi. Dada alikuwa anatembea polepole ameniegemea, na kila alipofika kwenye moto alisimama.

“Nunua hicho.”

Nikanunua kitumbua.

“Kula. Niambie.”

“Kitamu.”

“Hapana. Niambie vizuri.”

Nikajaribu. Nikamwambia nje kimekauka kidogo, ndani ni laini, kina iliki, sukari imezidi. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba kinapita kooni mwake. Tukaenda kwa muuza dagaa wa kukaanga. Nikala, nikamwambia wamekaangwa na pilipili ya kusaga, wanavunjika, chumvi ni ya kutosha. Tukaenda kwenye mihogo, tukaenda kwenye maandazi, tukaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na mbasa wa kuchoma juu ya wavu, anampaka ndimu kwa kipande cha gunzi. Hapo dada akaomba kigoda akaketi.

“Huyu ndiye,” akasema. “Nataka huyu.”

Yule mama akampa sahani. Dada akamwinua samaki kwa mikono yote miwili mpaka puani, akafumba macho. Akaning'olea kipande cha nyama ya tumboni, ile yenye mafuta, akanilisha kwa mkono wake, kama alivyonilisha nilipokuwa mdogo. Nikatafuna. Nilitaka kumwambia vizuri. Nilitaka nimwambie ngozi ilivyoungua, ndimu ilivyoingia, mafuta yalivyonibaki mdomoni. Nililia mdomo umejaa, katikati ya watu, na wale waliokuwa wanakula pembeni wakaacha.

“Meza kwanza,” dada akasema. “Meza, halafu ulie.”

Nikameza. Akanipa kipande kingine. Muuza samaki akatuangalia, akaelewa kitu, maana aliacha kuita wateja. Alileta maji ya kunawa mwenyewe, akamshikia dada ndoo.

“Mama hujala hata kidogo,” akamwambia kwa upole.

“Nimekula, mwanangu. Huyu ananilia.”

Tulipumzika kivulini kwenye ukuta wa ghala bovu. Nikafungua chupa ya mama, dada akanywa uji kidogo, ukarudi nusu. Kisha akaanza kuniambia hoteli itakuwaje. Ugali wa aina mbili, na mtu aulizwe. Samaki waletwe na lori la kila juma, wakifika wamelegea tusiwachukue hata kama tuna wateja. Ukwaju utiwe mwishoni. Benchi ziwe na mgongo, kwa sababu makuli wanachoka. Maji ya kunawa yawe ya moto, Mbinga kuna baridi.

Nikamkatiza. “Dada, unaniambia haya kwa nini?”

“Wewe ndiye utakayepika.”

“Sitaki hoteli. Mimi nakutaka wewe.”

Aliifunika chupa ya uji. Kwa mbali muuza dawa ya panya alikuwa anachekesha watu.

“Na mimi najitaka,” akasema baadaye, kwa sauti ndogo. “Sukari imejaa mezani, mafuta yamejaa. Nilingoja haya yote. Nilisema siku moja vitu vikija nitakula mpaka nilale usingizi. Sasa vimekuja, tazama.” Akageuza uso ukutani. Sikuwahi kumwona dada akilia, wala siku ile sikumwona. Niliona mgongo wake tu.

Hatukusafiri tena. Alikaa kwa mama msimu uliobaki, kwenye mkeka karibu na mlango ili apate upepo wa ziwa. Mama aliacha kupika nyumbani. Alikuwa akipika kwa jirani na kuniita nikale hukohuko, ili harufu isimtese mwanawe. Siku ya kwanza tu dada alitambua.

“Mama, pikeni hapa,” akasema. “Nataka kusikia harufu.”

Basi tukapika pale. Nilichoma samaki mlangoni, na yeye amelala ubavu akinielekeza kwa kidole: geuza, ondoa kuni, bado. Mara nyingine alisinzia katikati ya kuelekeza. Uji ukaacha kupita. Halafu maji. Mwisho mama alikuwa akilowesha kona ya kitambaa na kumpitishia midomoni.

Alifariki asubuhi, wakati wanawake wanateremka kuosha vyombo. Mama alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba walipokuja majirani kumwinua, mmoja wao alidhani wengine ndio wanaobeba.

Kwenye msiba watu walikula. Ndivyo msiba ulivyo, watu wametoka mbali, lazima wapate chakula. Wakwe walishuka kutoka Umatengo na gunia la maharage na unga, wavuvi wakaleta samaki, na masufuria makubwa yakapangwa uani. Wanawake walinikataza kupika, wakasema nikae ndani na wafiwa wenzangu. Nilikaa. Nilisikia mwiko unagonga sufuria, nilisikia watu wanaomba kuongezewa mchuzi, nikasikia mtu anamsifu mpishi. Nilitamani kutoka nimwage kila kitu mchangani. Mama aliniona, akaweka mkono wake juu ya goti langu akakaa hivyo mpaka sahani zikaoshwa.

Nilirudi Mbinga peke yangu. Kwa muda mrefu nilishona tu. Baadaye nilikodi chumba nyuma ya soko, nikatafuta fundi, nikaweka benchi zenye mgongo na maji ya moto mlangoni. Siwezi kusema nilifanya hivyo kwa ujasiri. Sikuwa na jingine la kufanya na siku zangu. Wateja walikuja. Nilimuuliza kila mmoja anataka ugali gani, na wengi walishangaa kuulizwa, wakajibu chochote. Lakini ulimi wangu ulikuwa umekufa. Nilitia chumvi nikaonja nikapata utupu, nikaongeza, na watu wakarudisha mchuzi jikoni. Ikabidi niajiri mwanamke wa kuonja, jirani yangu mmoja mkimya, na kwa zaidi ya mwaka nilipika kwa ulimi wake. Ladha ilinirudia polepole, na mwanzoni nilipoipata sikuifurahia. Niliona kama nimemwacha dada peke yake.

Hoteli ilidumu mpaka bei ya kahawa ilipoanguka na wanunuzi wakaacha kuja. Nikaifunga bila makelele, nikarudi kwenye cherehani.

Mama alikuja kuiona mara moja tu, ilipokuwa bado imechangamka. Hakuwa amewahi kupanda milimani tangu nizaliwe. Alishuka kwenye lori amejifunika kanga tatu kwa baridi, nikamkalisha kwenye meza iliyo karibu na moto. Nilimpikia mwenyewe, ugali wa muhogo na samaki wa kuchemsha. Nikamwekea. Akanawa, akatazama sahani, akatazama watu waliojaa chumbani, mikono yake ikabaki mapajani.

“Mama, hupendi?”

“Napenda.” Akanivuta karibu. “Siwezi kula wakiniona. Tangu msiba siwezi. Nyumbani nafunga mlango.”

Nilichukua sahani yake nikaipeleka jikoni, nikaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, nikamletea kigoda. Nikamtoa yule jirani wa kuonja, nikatoka na mimi, nikaurudisha mlango. Wateja waliita, mmoja anataka chai, mwingine anataka kuongezewa mboga, nami nikawaambia wanisubiri kidogo. Nilisimama nje ya mlango nimeushikilia kwa mgongo, mpaka mama aliponigongea kwa ndani kuniambia amemaliza.